Jinsi ya kukloni farasi, kuanzia kipande cha ngozi mpaka mtoto anasimama

Watu wengi wakisikia kukloni farasi wanawaza ile sindano nyembamba inayoingia kwenye yai, kama inavyoonekana kwenye picha. Sindano ipo na tutaifikia. Ila nikwambie mapema kabisa, mimi nimefanya kazi hii maabara miaka kadhaa, nikaanzia na ng'ombe afu nikahamia farasi, na kazi nyingi nilizoziona zikifa hazikufia kwenye sindano. Zilifia kwenye ngozi iliyochukuliwa vibaya, kwenye yai ambalo halijaiva, na kwa jike mbebaji aliyechaguliwa haraka haraka. Kwa hiyo huko ndo nitakaa sana.

Wazo lenyewe ni jepesi. Unachukua yai la farasi jike yeyote, unatoa vinasaba vyake vya kwenye kiini, unaweka seli moja ya yule farasi unayemtaka, unaliamsha yai lianze kujigawa kana kwamba limerutubishwa, likifika siku ya 7 au 8 unalipandikiza kwa jike mwingine abebe. Ni njia ile ile iliyomleta kondoo Dolly mwaka 1996. Kwa jamii ya farasi ilichelewa mpaka 2003, na mwaka huo wakazaliwa wawili ndani ya mwezi mmoja: tarehe 4 Mei Idaho Gem, Chuo Kikuu cha Idaho kule Marekani, huyu ni nyumbu (nyumbu wa punda na farasi, sio yule wa Serengeti), na tarehe 28 Mei Prometea, kule Cremona Italia kwenye maabara ya Cesare Galli, huyu ndo farasi kamili wa kwanza. Prometea alibebwa na jike yule yule aliyetoa ngozi, yaani mama alimzaa pacha wake mwenyewe. Mpaka leo nikilifikiria hilo nasisimka.

Kabla hujagusa chochote: jua unamkloni nani na kwa nini

Sababu yenye maana kuliko zote ni farasi aliyehasiwa. Kwenye kuruka viunzi mabingwa wengi wamehasiwa wakiwa wadogo, wanakuja kuonekana ni bora wakiwa na miaka 10 na mbegu hakuna tena. Gem Twist, yule mweupe wa Marekani, alikuwa hivyo, na kloni yake Gemini akazaliwa 2008 akiwa dume kamili wa kuzalisha. Sababu ya pili ni kuokoa damu inayopotea, mfano wake nitautoa huko mbele.

Afu uliza sheria za chama cha farasi wako. Farasi wa mbio wa Thoroughbred hata upandikizaji wa mbegu kwa mrija haukubaliki, lazima dume apande mwenyewe, kwa hiyo kloni hasajiliwi. Chama cha farasi aina ya Quarter Horse cha Marekani nacho kinakataa, walishtakiwa wakashindwa Texas 2013, mahakama ya rufaa ikaja kuwapa ushindi 2015. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, liliruhusu kloni kushindana mwaka 2012. Polo ya Argentina ndo iko wazi kabisa, na huko ndiko kloni wamejaa. Bei nayo ijue mapema, kampuni ya ViaGen ya Texas iliwahi kutangaza dola 85,000 kwa farasi mmoja.

Hatua ya 1: ngozi

Chukua sampuli farasi akiwa hai na mzima. Hii ndo sentensi ninayotaka uishike. Adolfo Cambiaso, mchezaji polo wa Argentina, farasi wake Aiken Cura alivunjika mguu kwenye fainali ya mashindano makubwa ya polo ya Palermo mwaka 2006, na kabla hawajampoteza akaomba seli zitunzwe, wakati ambao polo ilikuwa haina hata kloni mmoja. Baadaye kloni wa Aiken Cura akazaliwa. Angesema tutaona kesho, hadithi ingeishia pale.

Mahali pazuri ni shingoni, juu, pale panapofunikwa na singa, kovu halionekani. Nyoa, osha kwa sabuni ya kuua vijidudu mara tatu, malizia na spiriti na uiache ikauke yenyewe, maana spiriti ikibaki mbichi inaingia kwenye sampuli na kuua seli. Piga ganzi ya lignokeini pembeni ya eneo na sio katikati yake. Toa vipande viwili au vitatu kwa kile kikata ngozi cha duara cha milimita 6 au 8, tumbukiza kwenye chupa yenye midia (maji yenye virutubisho vya seli) na antibayotiki, funga, weka kwenye friji ya kawaida nyuzi 4 hivi. Isafiri na barafu ya pakiti, ifike maabara ndani ya siku moja au mbili.

USIGANDISHE. Naandika kwa herufi kubwa makusudi. Tulishaletewa sampuli ya jike mmoja mzuri sana ambaye alikuwa ameshakufa, mtu kwa nia njema kabisa akaiweka kwenye friza ya nyama ili isioze, ikafika kwetu ngumu kama jiwe. Maji ndani ya seli yakiganda bila dawa ya kinga yanakuwa vioo vidogo vidogo vinachana kila kitu. Tulijaribu wiki tatu na hakikuota kitu. Mwenye farasi alilia kwenye simu na sikuwa na la kumwambia. Kama farasi amekufa, acha mzoga mahali pa baridi, kata kipande cha ngozi kisafi, friji ya kawaida, piga simu maabara saa hiyo hiyo, bado kuna muda, ngozi iliyotunzwa friji inaweza kutoa seli hai hata siku kadhaa baada ya mnyama kufa.

Hatua ya 2: kuotesha seli na kuzigandisha kitaalamu

Katakata ngozi vipande vya milimita moja, vibandike kwenye sahani ya plastiki, mwagia midia ya DMEM yenye seramu ya ndama asilimia 10, weka inkubeta (kabati la joto) yenye kaboni dayoksaidi asilimia 5. Ndani ya wiki moja mpaka mbili utaona seli ndefu ndefu zinatambaa kutoka kwenye kipande, hizo ndo faibroblasti. Zikijaa zitoe kwa kimeng'enya cha tripsini, gawa, otesha tena mara chache tu. Ukizigawa sana zinazeeka na kromosomu zinaanza kuharibika, kwa hiyo gandisha mapema na gandisha nyingi. Kugandisha kwenyewe ni kwenye midia yenye DMSO asilimia 10, ndo ile dawa ya kinga, joto lishuke taratibu kama nyuzi moja kwa dakika mpaka -80, afu zinahamia kwenye tangi la naitrojeni kimiminika, -196.

Kwenye naitrojeni seli hazina haraka. Farasi wa Przewalski, wale wa mwituni wa Mongolia waliokaribia kutoweka kabisa, kuna dume seli zake ziligandishwa 1980 kwenye hifadhi ya bustani ya wanyama ya San Diego, na tarehe 6 Agosti 2020 kloni wake akazaliwa Texas, akabebwa na farasi jike wa kawaida, wakamwita Kurt. Miaka 40 kwenye tangi! Mwaka 2023 akazaliwa wa pili kutoka seli hizo hizo.

Siku chache kabla ya kazi, yeyusha chupa moja, otesha, afu zisimamishe. Unaziacha zijae mpaka zibanane, au unapunguza seramu mpaka asilimia 0.5 zikose nguvu ya kujigawa. Hii usiiruke, maana seli iliyo katikati ya kujigawa imeshaanza kudurufu DNA yake, ukiiingiza kwenye yai ambalo nalo liko kwenye mdundo wake hesabu ya kromosomu inavurugika. Farasi ana 64, na unataka 64 kamili.

Kitu kingine cha kuzingatia ni aina ya seli. Kuna watafiti wa Argentina waliotumia seli shina za uboho badala ya faibroblasti za ngozi, na 2018 wakaripoti kuwa watoto wanazaliwa na afya nzuri zaidi. Kutoa uboho ni kazi zaidi kuliko ngozi, sindano inaingia kwenye mfupa wa kifua, lakini kama mnyama yuko hai na unaye daktari mzoefu mimi ningechukua vyote viwili.

Hatua ya 3: mayai, hapa ndo penye shida

Ng'ombe unampiga homoni anakupa mayai mengi. Farasi hakubali hivyo. Jike anatoa yai moja kwa kila mzunguko wa siku 21 hivi, mara chache mawili, na homoni za kumzidishia hazimsaidii sana. Ndo maana machinjio ya farasi yalizisaidia nchi kama Italia na Argentina, ovari zinapatikana kwa mamia. Njia nyingine ni kuvuta mayai kwa jike hai kwa sindano ndefu inayoongozwa na ultrasaundi kupitia ukuta wa uke, daktari ameshika ovari kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa. Inafanyika jike akiwa amepewa dawa ya kutuliza na ya maumivu, na ifanywe na mtu anayeijua kazi, sio mahali pa kujifunzia kwa kubahatisha.

Yai la farasi limeng'ang'ania. Kwa ng'ombe unavuta tu maji ya folikuli (kifuko kinachobeba yai) na yai linakuja, kwa farasi zile seli za kumulasi zinazolizunguka zimejishika kwenye ukuta kwa nguvu, kwa hiyo ukiwa na ovari ya machinjioni unapasua folikuli na kukwangua ukuta wa ndani kwa kijiko kidogo chenye makali, na kwa jike hai unaosha folikuli moja mara nyingi huku unazungusha sindano. Ukichoka baada ya kuosha mara mbili umeacha yai ndani.

Ovari zisafirishwe kwenye joto la chumba, zisilale juu ya barafu. Na faida moja nzuri ya yai changa la farasi ni kwamba linavumilia kulala usiku mmoja kwenye midia ya kushikilia, joto la chumba, bila kuanza kuiva, kwa hiyo unapanga ratiba yako watu wasifanye kazi saa nane usiku wakiwa wamechoka mikono inatetemeka.

Kuivisha ni inkubeta, nyuzi 38 na kidogo, midia yenye homoni ya FSH, saa 24 mpaka 30 hivi. Afu unavua kumulasi kwa kimeng'enya cha haialuronidezi na pipeti nyembamba, unaangalia lipi limetoa pola bodi, kile kiduara kidogo pembeni. Lenye pola bodi limefika metafezi ya pili, yaani limeiva, hilo ndo linafaa. Tegemea nusu hivi au zaidi kidogo. Yasiyoiva tupa, hata kama roho inauma. Usijidanganye kwamba labda litafaa, utapoteza seli na muda na mwisho wake jike wa watu.

Hatua ya 4: kutoa kiini

Yai lilale dakika chache kwenye dawa ya saitokalasini B, hii inalegeza nyuzi za ndani ya yai, zile zinazolishika kama mifupa, ili utando uvutike bila kuchanika. Na rangi ya Hoechst 33342 inayowaka bluu ikipigwa taa ya UV. Kwa nini rangi? Kwa sababu yai la farasi limejaa mafuta, ndani ni jeusi jeusi, huwezi kuona kromosomu kwa macho tu. Shika yai kwa pipeti ya kushikilia, geuza mpaka pola bodi ikae pale penye namba 3 kwenye uso wa saa, ingiza pipeti ya kutolea, vuta pola bodi pamoja na sehemu ndogo ya yai iliyo jirani yake, maana kromosomu kawaida ziko hapo karibu. Afu hakikisha kwenye UV kwamba ile alama ya bluu iko ndani ya pipeti. Taa ya UV ipigwe kwenye kile ulichotoa, yai lenyewe likipigwa sana linaungua.

Mkono wa mtu mpya unavuta sehemu kubwa mno. Ukichukua robo ya yai umelinyima nguvu ya siku za mwanzo, maana mpaka seli mpya ianze kuamuru mambo, kiinitete kinaishi kwa akiba ya yai. Fanya mazoezi kwa mayai ya ng'ombe mia kadhaa kwanza, hakuna njia ya mkato kwa hilo.

Kuna maabara wanavua kabisa ganda la nje, zona, kwa kimeng'enya cha pronezi, wanafanya kazi na yai tupu. Ni haraka zaidi, ila mayai hayo yanashikana kama unga wenye maji, lazima kila kimoja kikae kwenye kishimo chake wakati wa kukua. Waargentina wakaligeuza tatizo hilo kuwa faida, wanaweka viinitete viwili au vitatu vya farasi yule yule kwenye kishimo kimoja viungane viwe kimoja, na blastosisti (viinitete vya siku ya 7 au 8, vilivyo tayari kupandikizwa) zinapatikana zaidi.

Hatua ya 5: kuingiza seli na kuamsha yai

Chagua seli ndogo, ya duara, yenye ngozi nyororo chini ya maikroskopu, iingize chini ya zona igusane vizuri na utando wa yai. Weka kati ya nyaya mbili na piga umeme mfupi sana, sehemu ndogo ya sekunde, tando mbili zinaungana na seli inamezwa. Rudi baada ya nusu saa uangalie, zisizoungana piga mara ya pili. Wengine, kama timu ya Katrin Hinrichs pale Chuo Kikuu cha Texas A&M, walikuwa wanadunga seli moja kwa moja ndani kwa sindano ya piezo inayotetemeka, na kwao ndo alizaliwa Paris Texas mwaka 2005, kloni wa kwanza wa farasi Marekani.

Acha saa mbili hivi zipite. Kwenye huo muda yai linaifanyia seli kazi ya ajabu, linaifuta kumbukumbu kwamba ilikuwa ngozi. Afu amsha: dawa ya ayonomaisini dakika 4 au 5 kupandisha kalsiamu, kufuatia saa 4 za dawa za DMAP na saikloheksimaidi kulizuia yai lisirudi kulala. Kwa kawaida mbegu ya dume ndo inaleta mawimbi ya kalsiamu, sisi hatuna mbegu kwa hiyo tunaiga. Timu ya Idaho walisema kuongeza kalsiamu kwenye midia ndo kulikowafungulia mlango baada ya kufeli muda mrefu.

Hatua ya 6: siku 7 mpaka 8 za kusubiri

Inkubeta yenye oksijeni asilimia 5, kaboni dayoksaidi 5, naitrojeni iliyobaki. Usifungue fungue. Kukuonyesha ukubwa wa hasara, kwa Prometea waliunda viinitete 841, waliofika blastosisti ni 22, wakapandikiza 17 kwa majike 9, mimba zikashika 4, akazaliwa mmoja. Tangu hapo hali imekuwa bora sana lakini bado sio kazi ya kuahidi mtu kwa yai moja.

Hatua ya 7: jike mbebaji

Nataka awe na miaka 4 mpaka 10, ameshazaa salama angalau mara moja, mpole, hana maji wala uvimbe kwenye mfuko wa uzazi ukimpima kwa ultrasaundi, na awe ametoa yai lake siku 4 mpaka 6 kabla ya kupandikiza. Akiwa nje ya hizo siku mwache, chukua mwingine. Ndo maana ni lazima uwe na kundi la majike, ukiwa na mmoja tu unalazimisha.

Kiinitete kinaingia kwa mrija kupitia shingo ya kizazi, bila kupasua, mkono mwepesi, usafi wa hali ya juu. Kipimo cha kwanza ni siku ya 14 hivi ya mimba, utaona kifuko cheusi cha duara, na kinatembea huku na huku ndani ya mfuko wa uzazi mpaka siku ya 16, usishtuke ukikikosa pale ulipokiona jana. Mapigo ya moyo tafuta karibu siku ya 25. Nyingi zinazopotea hupotea miezi miwili ya kwanza, lakini nyingine huja kupotea mwishoni kwa shida za kondo, kwa hiyo kila mwezi pima unene wa kondo, na jike akianza kujaza chuchu mapema kabla ya wakati mwite daktari siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: kuzaliwa

Miezi 11. Prometea alikaa siku 336. Mwezi wa mwisho mtu alale zizini, kweli kabisa, hamna kamera inayotosha.

Pale Texas A&M walichapisha taarifa za watoto 14 waliozaliwa kwao kati ya 2004 na 2008, sita walikuwa wazima bila tatizo, wengine nane walikuwa na shida: kuchanganyikiwa wasijue kunyonya, kitovu kinene kupita kiasi, miguu ya mbele iliyopinda, na wawili walikufa ndani ya wiki. Kwa hiyo siku hiyo uwe na oksijeni, plazma (maji ya damu) ya farasi, daktari yuko pale pale na sio njiani. Kitovu kinene kinavuja damu na kinaingiza vijidudu, kifunge na kichovye dawa ya klorheksidini mara kadhaa kwa siku. Dang'a, maziwa ya kwanza, lazima liingie ndani ya saa 6 za kwanza, mtoto wa farasi anazaliwa karibu bila kinga kwenye damu, asiponyonya mwenyewe kamua umpe kwa mrija wa puani. Kesho yake pima protini za kinga kwenye damu, ikiwa chini ya miligramu 800 kwa desilita mwongezee plazma. Miguu iliyopinda mingi inanyooka kwa matibabu na kufungwa vizuri, usimkatie tamaa mapema.

Akisimama akanyonya, utasahau mwaka mzima wa usumbufu.

Hatua ya 9: thibitisha

Ng'oa nywele za singa za mtoto na mizizi yake, 20 mpaka 30, DNA iko kwenye mzizi na ukizikata kwa mkasi umetuma nywele tupu. Tuma pamoja na za mbebaji na DNA ya farasi wa asili, ulinganisho lazima utoke sawa na wa asili kila alama. DNA ya mitokondria itakuwa ya jike aliyetoa yai, hiyo ni kawaida na mweleze mwenye farasi kabla hajaiona kwenye karatasi. Mweleze pia kwamba madoa meupe usoni na miguuni yanaweza yasifanane, maana yanategemea pia seli za rangi zilivyosafiri mwilini wakati mtoto yuko tumboni. Cambiaso fainali ya 2016 alipanda kloni sita wa jike wake Cuartetera kwenye mechi moja, wote damu moja, na bado kila mmoja alilelewa, akafundishwa na kuzoeshwa kivyake kuanzia mwanzo.

Na siku hiyo hiyo unayotoa nywele, mtoto akiwa na afya, panga siku ya kumchukulia kipande cha ngozi naye, kiende kwenye tangi.